ProjectLibre kwenye ujenzi wa ghorofa: faida yake inaonekana kazi inapokwenda mbio

Mafundi wakichelewa, ratiba inakumbukwa na kila mtu. Hatari kubwa huja kazi inapokimbia. Nondo za slabu zimefungwa siku nne kabla ya tarehe, mvua haijanyesha, saruji ipo stoo, na saiti nzima inaona hakuna haja ya kufungua kompyuta. Zege linamwagwa Jumamosi. Jumatatu fundi umeme anafika na mabomba yake ya kupitishia waya na kukuta yalipopaswa kulala pameshafunikwa. Kinachobaki ni kutindua slabu changa, na zile siku nne zinaliwa zote.

ProjectLibre ni programu ya bure ya kupanga miradi, iliyotoka mwaka 2012 ikiwa imechipuka kutoka OpenProj. Mambo mengi inayofanya hata karatasi ya Excel inayaweza ukiwa na subira. Hapa tunaipima kwa swali moja: inasaidiaje mpango ufuatwe wakati hakuna anayelalamika?

Inasaidia sana, kwa sharti kwamba kazi zimefungwa kwa kutegemeana. "Kumwaga zege la slabu" isitegemee nondo peke yake. Ifunge pia na mabomba ya umeme, mabomba ya maji taka na ukaguzi wa mhandisi. Ukifanya hivyo, nondo zikiisha mapema tarehe ya zege haisogei hata kidogo mpaka na hizo tatu zisogee. Unamwonyesha mwenye nyumba chati ya Gantt, ile inayochora kila kazi kama mstari kwenye kalenda, na mabishano yanaishia hapo.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, bonyeza Save Baseline. Hiyo ni picha ya mpango wa awali, ambayo tarehe mpya zitalinganishwa nayo. Kisha ongeza safu ya Finish Variance kwenye jedwali: kazi iliyotangulia inaonyesha namba hasi, iliyochelewa namba chanya. Kosa la kawaida ni kuhifadhi upya juu ya picha ileile baada ya wiki nzuri, "ili mpango uendane na hali halisi". Tofauti zote zinarudi sifuri, na hutajua tena siku ulizookoa zimepotelea wapi. Ukitaka picha mpya, ihifadhi kwenye Baseline 1. Nafasi zipo kumi mbali na ile ya kwanza.

Lingine ni asilimia. Ukiandika 100 kwenye kazi iliyoisha mapema, programu inachukulia kwamba imeisha tarehe iliyopangwa, na siku ulizotangulia hazionekani popote. Andika tarehe halisi ya kumaliza. Vilevile usichape tarehe ya kuanza kwa mkono kwenye kila mstari. Kila tarehe iliyochapwa inakuwa zuio la "isianze kabla ya", kwa hiyo kazi ya kabla yake ikiisha mapema, inayofuata inabaki palepale.

Jambo la kuangaliwa kuliko yote ni muda wa zege kukomaa, maana hapo programu inaweza kukudanganya bila kukusudia. Tuseme mhandisi ameagiza mirunda ya slabu ikae siku 21. Ukiandika 21 kwenye kalenda ya kawaida ya Jumatatu hadi Ijumaa, unapata siku 29, na msimamizi mwenye haraka atasema ratiba ina mafuta, ataipunguza anavyoona yeye. Ukikimbilia kalenda ya saa 24, hali inakuwa mbaya zaidi: siku moja ya programu ni saa 8, kwa hiyo siku 21 ni saa 168, yaani siku 7 tu za kweli. Mirunda ikivuliwa siku ya saba, slabu inaweza kubonyea au kupasuka. Andika 21ed. Herufi hizo mbili, kifupi cha "elapsed days" yaani siku za mfululizo, zinahesabu usiku, Jumapili na sikukuu, kama zege lenyewe linavyohesabu. Halafu fungua kalenda nyingine ya mafundi yenye Jumamosi ndani yake, kwa sababu ile inayokuja na programu haina.

Angalia pia mwanya wa kila kazi, yaani siku inazoweza kuchelewa bila kusogeza tarehe ya mwisho, kwenye safu ya Total Slack. Ukuta wa uzio ukitangulia siku kumi, nyumba haikaribii kuisha kwa siku hata moja, maana kuna kazi nyingine inayoshikilia tarehe ya mwisho. Mapema ya namna hiyo ndiyo inayowafanya watu waagize saruji ya plasta kabla ya wakati, ikakae stoo ikivuta unyevu hadi ifanye mabonge.

Udhaifu upo. Faili la .pod ni la mtu mmoja: wawili wakilihariri kila mmoja kwake, hakuna njia rahisi ya kuunganisha. Toleo hili ni la kompyuta, hivyo fundi mkuu apewe ukurasa uliochapishwa kila Jumamosi, wenye kazi za wiki mbili zijazo tu. Tena programu haijui kilichotokea saiti mpaka mtu akae aingize tarehe. Kwa nyumba ya ghorofa moja, tenga nusu saa kwa wiki. Wiki ambayo kila kitu kimekwenda sawa isirukwe, hata kama kuna mistari mitatu tu ya kuandika.

Kwa kibanda cha vyumba viwili, daftari linatosha. Kwa jengo lenye slabu, fundi umeme, fundi bomba na mhandisi anayekuja kwa miadi, tunaipendekeza bila kusita.