Fundi friji nakula pasipo na friji

Kazi yangu ni majokofu. Si yale ya nyumbani ya kuwekea maji ya kunywa na mboga ya jana. Yangu ni vyumba vya baridi vya mahoteli, friza za mabucha na mashine za barafu. Mwaka wa kumi na tisa huu. Kwetu Tanga, makao yangu Dar, ila kampuni ikipata mkataba popote mimi na sanduku langu la vifaa tunapanda gari. Ndiyo maana nimelala Arusha, Nairobi, Mombasa na Unguja mara nisizoweza kuhesabu, na Muscat nimekaa miaka miwili mizima nikihangaika na viyoyozi. Watu wakisikia hivyo huniomba niwatajie pa kula. Wanajua naingia majikoni kwa mlango wa nyuma, basi wanategemea nitaje hoteli zenye vitambaa vya meza.

Mlango wa nyuma naingia, kweli. Nilichokiona huko ndicho kinachonifanya nikale kwingine.

Ukifungua mfuko wa kuku kutoka kwenye friza ukakuta barafu nyembamba kama unga, kuku huyo aligandishwa mara moja, akatulia. Ukikuta mapande makubwa kama chumvi ya mawe, na chini ya mfuko kuna barafu yenye rangi ya damu, umeme ulikatika huyo. Aliyeyuka, umeme ukarudi, akagandishwa upya. Wewe mezani huoni chochote, unaona nyama kavu kama sifongo na unamlaumu mpishi. Kuna hoteli moja, mji wake nauhifadhi, niliitwa saa nne asubuhi, kompresa imekufa tangu usiku. Nikatengeneza, nikajaza gesi, baridi ikarudi. Wakati nakusanya spana zangu nikamwona kijana anarudisha ndani trei zilezile zilizokuwa zinachuruzika. Mchana meneja, mtu mstaarabu kabisa, akanikaribisha chakula. Nikamwambia nimefunga. Ilikuwa Jumanne, na Ramadhani bado miezi mitano.

Toka siku hiyo, nikifika mji mgeni namtafuta mpishi, namuuliza: wewe ukitoka zamu unakwenda kula wapi? Jibu karibu kila mara ni mahali wanaponunua asubuhi na kumaliza usiku. Friza hakuna, au ipo lakini haina kazi.

Dar alinifundisha mpishi mmoja wa kutoka Mtwara. Hotelini kwao pweza huletwa kwenye sahani nyeupe, vipande vitano na jani moja la saladi. Yeye saa tano usiku akanipeleka kwa kijana mwenye meza ya mbao kando ya barabara Kariakoo, taa moja, sufuria moja la supu, na pweza amelala kwenye sinia mikia ikining'inia. Kijana anakata vipande kwa kisu kidogo, unachoma kwa kijiti, unachovya kwenye pilipili, unashushia supu ya moto kwenye kikombe. Nyama inakatika kwa meno bila vita. Nikauliza siri, kijana akacheka: anapigwa sana kabla ya kuchemshwa, kaka, halafu haraka haina nafasi. Wanaume waliosimama pale wana maneno yao kuhusu supu ya pweza na mambo ya ndoa. Mimi niseme tu nilirudi kesho yake kwa ajili ya ladha.

Ukitaka pa kukaa, nenda Mamboz, pale kona ya Morogoro Road na Libya Street. Moshi utaingia kwenye shati na hautatoka mpaka lifuliwe mara mbili. Agiza kuku wa gajjar, ana pilipili ya kukupangusa kamasi, na uwe na kinywaji baridi karibu. Friji watakuwa nayo, sikatai. Lakini kwa watu wanaojaa pale usiku, sioni kuku anapata wapi muda wa kulala ndani yake.

Arusha ni kisa. Mwaka 2014 pikapu ya kampuni ilikata mkanda wa feni mjini. Dereva akanielekeza Mtaa wa Msikiti, kwa Khan, kuna vipuri. Tukanunua mkanda, tukafunga, tukaondoka. Jioni mwenyeji wetu, mpishi wa mahema ya watalii, akasema leo nawapeleka kwenye kuku bora wa mji huu. Akatupeleka palepale! Kule tulikosimama mchana tukinusa oili sasa kuna jiko refu la mkaa na watu wamejipanga. Wenyeji wanapaita kuku juu ya boneti. Dereva wangu, Mchaga asiyeshangaa kitu, alisimama akalitazama duka, akalitazama jiko, kisha akaniuliza kama mkanda nao ulitiwa viungo.

Kuku anakuja ameungua pembeni, ndani bado ana maji yake. Mishkaki ni ya ng'ombe, viungo vimeingia hadi katikati. Unapewa naan, halafu kuna yale mabakuli ya kachumbari, kabichi, viazi na achari, na pilipili ya kujipimia mwenyewe. Mwezi wa saba Arusha ina baridi kweli, ile ya kuvaa sweta mbili, na siri ni kusimama upande ule moshi unakoelekea. Unakula ukiota moto. Ukivaa nguo nzuri umekosea mtaa.

Nairobi nitasema kidogo, maana huko huwa nina haraka na hao watu nao wana haraka. K'Osewe, Kimathi Street. Samaki mzima kwenye mchuzi, ugali wa kuzibia tumbo mpaka kesho, na mboga ya osuga, ambayo sisi tunaiita mnavu na wengi wetu tunaidharau bure. Nawa mikono, achana na uma. Meza ya jirani walikuwa mawakili watatu, tai zimetupwa mabegani, wanachambua kichwa cha samaki kama faili la kesi.

Muscat ndiko nilikotegemea kuonewa na njaa. Chakula cha kambini kilikuwa wali kila siku, mchuzi uleule kila siku, nao ulitoka kwenye friza niliyoitengeneza mwenyewe kwa hiyo najua ilikuwa na nini. Wiki ya tatu nikatoka usiku, baada ya Isha, joto bado linapanda kutoka kwenye lami kama uko juu ya kikaango. Kando ya barabara nikaona moshi, nikanusa kitu ninachokijua tangu mtoto: nyama ya vipande vidogo, mkaa, na ukwaju. Nikamwonyesha mzee kwa vidole, mishikaki sita. Akanitazama, akauliza kwa Kiswahili kizuri kuliko changu: "Watoka wapi, mwanangu? Tanga au Mombasa?"

Mama yake mzaliwa wa Wete. Yeye mwenyewe aliondoka Pemba mdogo, lakini lugha haijamtoka hata chembe, anasema "nnakwambia" na "hebu" kama yuko barazani. Mishikaki anaifunga kwenye mkate mwembamba kama karatasi, anamwagia maji ya ukwaju yenye pilipili, na ukiwa mtu wa pwani anakuongezea mmoja bila kukuhesabia. Nyama alikuwa akija nayo kutoka nyumbani imekwisha kutiwa viungo, kilo kadhaa kwenye ndoo yenye mfuniko. Ikiisha anazima makaa, anaondoka, hata iwe saa mbili na nusu. Nilikula kwake karibu kila Alhamisi kwa miaka miwili. Kuna mahali pazuri zaidi Muscat, pale Mutrah karibu na bahari kuna hoteli za shuwa, mbuzi aliyefukiwa shimoni na moto usiku kucha. Nilikula, ni nyama ya heshima. Lakini hakuna aliyeniita mwanangu.

Mombasa ni asubuhi. Jioni yake sina ugomvi nayo, viazi karai vyao ni vizuri, ila mimi nikiulizwa Mombasa nasema mahamri na mbaazi, Mji wa Kale, kabla ya saa mbili. Kuna bibi mmoja huko vichochoroni, kibao cha jina hana, ana benchi na sufuria mbili. Mara ya kwanza nilifika saa mbili na robo.

"Yamekwisha, mwanangu."

"Hata mawili, bi mkubwa?"

"Wewe walala mpaka saa hizi ukitafuta mahamri? Njoo kesho. Na uje wahi."

Nikaja saa kumi na mbili na nusu. Mahamri yamevimba, ndani wazi kama mfuko, yananukia iliki na tui. Lakini mwenye kiti ni mbaazi. Alinieleza kwa kuwa niliuliza kama fundi, si kama mteja: mbaazi zinalowekwa usiku, zinachemshwa mpaka ziive kabisa, zinaungwa kwa tui la pili na vitunguu na pilipili mbichi zisizopasuliwa. Kasimile, tui la kwanza zito, linaingia mwisho kabisa, na hapo moto unapunguzwa na mwiko hausimami, la sivyo linakatika na kutoa mafuta. Nazi anakuna mwenyewe baada ya swala ya alfajiri. Nilimuuliza, bibi, kwa nini usikune jioni ukaweka kwenye friji? Akanitazama kama nimemtukana marehemu wake.

Unguja sasa, ambako ndiko ningehamia kama mke wangu angekubali kuvuka bahari bila kutapika. Mgeni nampeleka kwanza Lukmaan, Mkunazini, pale penye mbuyu mkubwa. Chakula kimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole: pweza wa nazi, samaki wa kupaka, biriani, mkate wa ufuta. Kwa mtu asiyejua majina ya vyakula vyetu hapana mahali bora, na kwa sisi tunaoyajua ni raha ya kuchagua huku jicho likishiba kabla ya tumbo. Chukua juisi ya ukwaju. Fika mapema, saa saba za mchana foleni inafika mlangoni.

Ila chakula changu mwenyewe cha Unguja ni urojo, na siuli barabara kuu. Mwaka juzi nilikuwa natengeneza mashine ya barafu, nikachelewa, boti ya mwisho ikaondoka mimi bado nina bisibisi mkononi. Mpishi wa pale akasema usihuzunike, akaniongoza vichochoro vinne hadi kwenye meza ya mama mmoja wa makamo, khanga ya kisutu, miwani imefungwa uzi.

Nilimwangalia akitengeneza bakuli langu. Viazi vya kuchemsha kwanza, anavivunja kwa mgongo wa kijiko. Bhajia tatu. Kachori moja, anaipasua. Nusu ya yai. Mshikaki mmoja, nyama anaichomoa kwa vidole viwili, kijiti anakirudisha kwenye kopo. Kisha upawa wa urojo wenyewe, wa manjano, mzito kiasi cha kushika kijiko, uchachu wake wa embe mbichi na ndimu unakupiga puani kabla hujaonja. Juu yake chatne ya nazi, nyeupe, na pilipili kwa ncha ya kijiko. Mwisho kabisa chipsi za muhogo, zinazopasuka mdomoni kwa dakika mbili tu kabla hazijalowa, kwa hiyo anakukabidhi bakuli na kusema "kula", na maana yake ni acha simu.

Nilikula bakuli mbili nikiwa nimesimama. Sasa nikienda Unguja hata bila kazi napita. Ananijua, ananiita fundi. Mwezi uliopita palikuwa kimya, mvua inanyesha, tuko chini ya turubai yeye na mimi na paka, akaniambia:

"Hebu nambie, fundi. Hayo mafriza ya mtumba yanakwenda shilingi ngapi siku hizi? Nimechoka kukuna nazi kila siku. Nnataka nifanye chatne ya wiki nzima, na kachori nizigandishe, niwe natoa tu."

Bei naijua. Nilikuwa nimeuza moja juzi yake, nzuri, laki nne na nusu, na ningeweza kumletea kwa boti ya asubuhi.

"Laki tisa," nikasema. "Na umeme wake usiseme."

"Yallah! Laki tisa?" Akatikisa kichwa, akachukua bakuli langu. "Basi tena. Tutakuna." Akaniongezea bhajia mbili, za bure.