Tathmini ya Goutte de Lait ya Fécamp: Mizani Kuliko Maziwa

Huduma ya Goutte de Lait (yaani "Tone la Maziwa"), ya kuwagawia mama maziwa ya watoto wachanga, iliyoanzishwa mwaka 1894 na daktari Léon Dufour katika bandari ya Fécamp, kaskazini mwa Ufaransa, husifiwa zaidi kwa maziwa yake, ilhali kwa maoni yangu kilichostahili sifa kubwa ni mizani. Mama alikabidhiwa kikapu cha chupa za maziwa ya ng'ombe yaliyokwisha kuuliwa vijidudu kwa joto, kila chupa ikitosha mlo mmoja tu ili yasibaki ya kuchacha, na kesho yake alirudisha chupa tupu akachukua nyingine. Kila wiki mtoto alipimwa uzito, nao ukaandikwa, hivyo aliyeanza kudhoofika alitambuliwa kabla hali haijawa mbaya. Mama yeyote aliyewahi kushika kadi ya kliniki anaijua kazi hiyo.

Huduma hii haiwezi kupimwa kwa haki bila kuitazama bidhaa iliyokuwa madukani wakati huo, yaani chupa ya mrija. Ilikuwa chupa ya kioo ambayo kizibo chake kilipitisha mrija mrefu wa mpira ulioishia kwenye chuchu, na mtoto aliweza kulazwa nayo akanyonya peke yake huku mama akiendelea na shughuli zake. Urahisi huo ndio uliowavutia wanunuzi. Lakini mrija haukusafishika ndani, mabaki ya maziwa yaliganda na kuoza humo, na mtoto akayanyonya pamoja na mlo uliofuata. Sidhani kama watoto wachanga wamewahi kuuziwa kitu kibaya kuliko hicho, na bado Ufaransa haikupiga marufuku uuzaji wake hadi Aprili 1910.

Malipo ya Fécamp yalifuata uwezo wa familia, na maskini walipewa bure, jambo ambalo silitilii kasoro. Kasoro ni kwamba chupa ndiyo iliyokuwa mlango wa huduma, ingawa Dufour mwenyewe alisisitiza kuwa maziwa yake ni ya kutolewa pale tu yanapokosekana yaliyo bora, yaani ya mama. Daktari Pierre Budin, ambaye kliniki yake ya watoto ilianza Paris mwaka 1892, alipanga vizuri zaidi: alipima watoto, akawahimiza mama zao wanyonyeshe, na maziwa ya ng'ombe akayatoa kujazia tu upungufu. Kwa mama aliyeweza kunyonyesha, ningechagua huduma ya Budin. Fécamp ningeiachia yule ambaye maziwa yake hayakutoka.