Cherero anayeng'ata: glavu au suke la uwele?

Cherero wa Fischer, yule kasuku mdogo mwenye mdomo mwekundu na uso wa rangi ya chungwa, asili yake ni kaskazini mwa Tanzania. Porini mdomo huo ndio mkono wake na ndio silaha yake, hivyo akikung'ata tunduni usidhani kaharibika tabia. Anakwambia neno.

Wengi hukimbilia glavu nene. Kidole hakitoki damu, basi. Zinafaa siku ndege ameumia na lazima ashikwe. Siku nyingine zote lile dude kubwa humtisha tu, na ukilivua mnarudi mlipoanzia.

Suke la uwele linataka subira. Unalishika kwa ncha, unatulia mlangoni mwa tundu, unamwacha aje mwenyewe. Baada ya siku kadhaa unasogeza vidole karibu na punje. Akibana manyoya mwilini, akainama mbele na kuachama, usisogee zaidi. Akikuuma, usipige kelele wala kuchomoa mkono kwa ghafla. Wengine makelele hayo huyaona mchezo (wangu alikuwa hivyo). Mshushe taratibu, umpe mgongo nusu dakika.

Mimi nachagua uwele. Ila jike anayechanachana karatasi na kulinda kona yake hatulizwi na suke wala glavu: ondoa kisanduku cha kiota, mfunike mapema apate giza kwa muda wa saa 12 hivi, na ukitaka kusafisha tundu, mwache atoke kwanza.