Kalabsha Mpya, Aswan: Liwali wa Farao Akiwa Kazini

Wageni wengi wa Aswan, kusini mwa Misri, hukimbilia mahekalu ya Philae na Abu Simbel, wakakipita kisiwa cha Kalabsha Mpya kilicho karibu na Bwawa Kuu. Ni hasara kubwa, kwa kuwa sijaona mahali pengine panapoonyesha kwa uwazi kama huu jinsi mafarao walivyoitawala Nubia, nchi ya kale iliyokuwa kusini mwa Misri, kwa mkono wa liwali wao, aliyepewa cheo cha Mwana wa Mfalme wa Kushi (yaani Nubia) hata kama hakuzaliwa katika ukoo wa kifalme.

Hekalu la Kalabsha lenyewe, la enzi ya Warumi, ni refu na la kupendeza. Hata hivyo, muda wako mwingi upe Beit el-Wali, hekalu dogo la farao Ramses II lililochongwa mwambani na kuhamishiwa hapa katika miaka ya 1960 ili lisimezwe na maji ya bwawa. Katika ukuta mmoja wa ua wake, liwali Amenemope, mwana wa Paser, anamletea mfalme mali ya kusini: pete za dhahabu, ngozi za chui, pembe za ndovu, ng'ombe, hata twiga; naye mwenyewe anatunukiwa mikufu ya dhahabu. Usiishie hapo. Fuata ukuta huohuo hadi upande wa pili, umwone Mnubi aliyejeruhiwa akishikiliwa na wenzake wawili kurudishwa kijijini, ambako mwanamke ameinama motoni akipika. Mchongaji aliyetumwa kumtukuza mfalme ametuachia pia uchungu wa walioshindwa, na kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote kisiwani.

Mabaki ya hekalu la Gerf Hussein, lililojengwa na Setau, liwali mwingine wa Ramses II, yapo hapohapo, nayo nguzo zake zenye sanamu zinastahili kutazamwa.

Huduma ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Kiongozi wetu alitumia karibu muda wote kwenye hekalu kubwa, akataka tupite Beit el-Wali kwa haraka, na ilitubidi kumsihi atusubiri. Kisiwani hufikiwa kwa mashua ya injini, kwa hiyo patana na nahodha nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na muda wa kusubiri, kabla ya kupanda. Nenda asubuhi, jua linapokuwa bado la pembeni na michongo ya uani ikisomeka vizuri, na uchukue tochi kwa ajili ya vyumba vya ndani, ambako rangi za kale bado zimesalia.