Waya wa meno Arusha kwa sisi wa meno ya kahawia: uzoefu wangu, hela na kero zake

Kwa wale wa haraka: waya umenisaidia, hela siijutii, daktari nampa tisa kwa kumi, ofisi yake naipa tano na hapo nimejikaza. Kliniki siitaji jina maana malalamiko ninayo na sitaki kesi na mtu, ila ni hapahapa Arusha mjini.

Mimi mtoto wa Maji ya Chai, kwa hiyo mwenyeji wa huku ameshajua meno yangu yana rangi gani. Hiyo rangi nitairudia maana ndo sehemu ambayo watu wa Dar wakikusimulia habari za bresi, yaani huo waya, hawakwambii, kwao haiwahusu.

Watu walikuwa wanaona meno yangu ya juu yametokeza, basi, wanadhani naenda kutafuta urembo wa picha. Kilichonipeleka ni kaakaa. Nikifunga mdomo meno ya chini ya mbele yalikuwa yanapotea kabisa nyuma ya yale ya juu mpaka yanagonga nyama ya kaakaa, nikila mahindi ya kuchoma pale panachubuka, panapona, panachubuka tena, nikapewa dawa za kusukutua wee, nikasafishwa meno, hakuna kitu. Mpaka dada mmoja tabibu wa meno akaniambia hiki kidonda hakina dawa ya chupa, unajing'ata mwenyewe kila siku, nenda kamuone bingwa wa kupanga meno.

Bingwa ni mzee wa makamo, mpole, haongei sana. "Shikamoo dokta." "Marahaba binti, kaa hapo. Ng'ata." Nikang'ata. Akacheka. "Ng'ata kawaida, usinipangie." Aisee kumbe miaka yote nimejizoesha kusukuma taya la chini mbele kila nikiona mtu ananiangalia mdomo, na yeye ameona palepale! Akanifanya nimeze mate ndo ning'ate, hapo taya likarudi kwake na ukweli ukaonekana. Akapima kwa rula ndogo: meno ya juu yamepita ya chini kwa mbele milimita tisa, wakati kawaida anasema ni mbili tatu hivi. Akapiga eksirei mbili, moja ya meno yote na moja ya kichwa kwa upande, wakaniwekea ule ujiuji wa pinki mdomoni kuchukua umbo la meno (ukiwa na tabia ya kutapika pumulia puani, uinamishe kichwa mbele, unapita).

Sasa hapa ndo nilielewa kwamba meno kupinda ni jambo moja na kung'ata vibaya ni lingine. Kitu cha kwanza anachoangalia ni gego la kwanza la juu limekaa wapi juu ya mwenzake wa chini, mpangilio ambao Mmarekani mmoja, Edward Angle, aliuweka mwaka 1899 na mpaka leo wanautumia. Kundi la kwanza magego yamekaa sawa ila huku mbele meno yamebanana au yamepishana. La pili, ya chini yamebaki nyuma na ya juu yametoka, ndo mimi. La tatu ni kinyume, taya la chini limepita mbele, ukimtazama mtu kwa upande unaona kidevu kimetangulia. Halafu juu ya hayo makundi kuna vituko vingine: kuna wanaofunika sana kama mimi, kuna ambao wakifunga magego huku mbele panabaki wazi, kuna ambao upande mmoja meno ya juu yameingia ndani ya yale ya chini. Pale kwenye benchi nilikaa na binti wa sekondari ambaye mbele hapagusani kabisa, anakata chapati kwa meno ya pembeni, mama yake anasema alinyonya kidole mpaka ameanza shule. Huyo hata ungemnyoosha meno namna gani kama ulimi unaendelea kusukuma mbele yanarudi, kwa hiyo anafundishwa na kumeza upya.

Kwa watoto daktari ana nafasi kubwa kwa sababu mifupa bado inakua, anaweza kutanua kaakaa au kuliongoza taya. Ukishakuwa mtu mzima kama sisi mfupa umemaliza, hapo yanasogezwa meno yenyewe, na taya likiwa limeachana sana inabidi upasuaji pamoja na waya. Mimi nilikuwa katikati, akasema waya unatosha na hatutang'oa jino kwa sababu nafasi ya kurudisha meno nyuma ipo. Nafasi yenyewe? Mwanya wangu! Jamani. Mama nilipompigia simu alinyamaza kwanza halafu akasema "mwanya wa bibi yako huo, wanaupeleka wapi?" Nikamrudia daktari nikamuuliza hauwezi kubaki, akasema mwanya siyo ugonjwa, akija mtu ana mwanya tu anamwacha nao, ila kwangu ukibaki meno hayarudi nyuma vya kutosha, nichague. Nikachagua kaakaa. Mama mpaka leo ananiambia nimefanana na watu wengine.

Haya, meno ya kahawia. Kliniki nyingine huko nyuma waliwahi kunijibu kwenye simu kwamba meno ya Arusha hayashiki bresi. Siyo kweli ila siyo uongo mtupu. Maji yetu ya huku yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru na yana floraidi nyingi, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita na sehemu nyingi za kwetu inapita hapo mbali sana, sasa mtoto akiyanywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanatengenezwa ndani ya fizi yanatoka na madoa. Magadi ya kwenye makande nayo yanaongeza. Na kuchemsha hakutoi floraidi, maji yakipungua sufuriani ndo kwanza inazidi ukali. Sasa vile vibati vya bresi vinavyoshika waya vinagandishwa kwenye jino kwa gundi, na kabla ya gundi wanapaka asidi ili uso wa jino uparuzike gundi ipate pa kushika. Jino lenye floraidi nyingi hilo gamba la juu linaikataa asidi, gundi inashika nusunusu. Daktari wangu alilisugua kila jino kwanza kwa brashi ya mashine na unga wake, akaacha asidi ikae muda mrefu kuliko kawaida, na kwenye magego ya nyuma hakuamini gundi peke yake, akaweka pete za chuma zinazozunguka jino zima.

Na bado vilibanduka. Cha kwanza kilitoka kwenye karanga, kweli hapo nakubali, lakini kuna kimoja kilitoka nakula ugali na mlenda! Mlenda! Nakihisi kinatelezateleza kwenye waya, kinakwenda na kurudi, nipo kazini na wateja mbele yangu. Hapa ndo inaanza kero yangu ya kwanza: wanapokupa bei ya jumla hawakwambii kwamba vibati vinavyobanduka mwanzo wanarudishia bure na baada ya hapo unalipia kimoja kimoja. Kwa mtu wa Dar hiyo siyo kitu, kwa mtu wa Usa River, Ngaramtoni au Maji ya Chai hiyo ni hela ya kila mara, na wao wanajua kabisa wanahudumia watu gani. Nilimwambia dada wa mapokezi akanijibu "dada, ni utaratibu," basi, utaratibu. Ukienda popote uliza hilo swali kabla hujatoa hata shilingi, na waandike kwenye karatasi.

Maumivu: yapo ila watu wanatia chumvi. Siku wanayofunga husikii kitu, kesho yake ndo meno yote yanakuwa mepesi na yanauma hata ukigusanisha. Waya wa kwanza ni mwembamba, wa nikeli na titani, unapindishwa halafu wenyewe unataka kunyooka ndo unavuta meno taratibu. Upande jino linapoelekea mfupa unayeyuka kidogo, nyuma yake unajengeka mwingine, ndo maana haliendi haraka na ukiona mtu anakuahidi miezi mitatu kimbia. Siku za kukazwa waya nilikuwa naishi kwa mtori. Hapo nawashukuru majirani zangu Wachaga, huo mlo kama ulitengenezwa kwa ajili ya watu wa bresi, ndizi zimepondwa, nyama imelainika, humung'unyi kitu.

Kilichonitesa siyo waya, ni vile vinundu vya bluu. Ili meno ya chini yaache kugonga kaakaa aliganda vinundu viwili vya gundi nyuma ya meno ya juu ya mbele, kwa hiyo nikifunga mdomo meno ya chini yanatua pale na magego huku nyuma hayagusani kabisa. Wiki za mwanzo kutafuna hakuna, nyama naigeuza tu mdomoni halafu naitoa kistaarabu, na kuongea nilikuwa kama nimelewa, "sasa" inatoka na mate. Lakini kile kidonda cha kaakaa kilipona hapohapo mwanzoni, hata meno hayajaanza kunyooka, na ndo shida iliyonipeleka. Hicho peke yake kililipa hela zangu.

Baadaye wakaja na rababendi, vimpira vidogo unavining'iniza mwenyewe kutoka chonge la juu mpaka gego la chini, kila upande, usiku na mchana, unatoa wakati wa kula tu. Hivi ndo vinavyorudisha kung'ata mahali pake na hakuna daktari atakayekuvalia. Kimoja kilinikatikia nikiwa kwenye Noah napiga miayo, kikaruka kikampiga baba wa watu shingoni, akageuka anaangalia dirisha. Nikanyamaza kimya mpaka Tengeru.

Usafi ni kazi ya pili. Nyama choma inajisokota kwenye waya, mchicha ndo usiseme. Brashi ya kawaida haitoshi, nunua zile ndogo za kupenya katikati, famasi za mjini zipo. Niliuliza pia kama sisi wenye madoa tunatakiwa kukwepa dawa ya meno yenye floraidi, wengi wanaogopa. Akasema hapana, madoa yaliingia utotoni jino linapotengenezwa, kwa mtu mzima hayaongezeki kwa kupiga mswaki, na ukiiacha dawa hiyo ukiwa na bresi utapata alama nyeupe za kuoza kuzunguka kila kibati. Soda nilipunguza, siwezi kusema niliacha.

Kero nyingine za ofisi. Bingwa hakai pale, anakuja kwa ratiba, na ratiba inabadilika kwa meseji ya WhatsApp usiku wa kuamkia siku yako, ukiwa umeshaomba ruhusa kazini. Waya ulinichoma shavu wakati yeye hayupo, nikapiga simu nikaambiwa nisubiri mpaka atakaporudi, kukata kipande cha waya tu! Nikakaa na nta ya kufunika ncha ya waya siku zote hizo. Wakupe nta ya kutosha ukiwa unaondoka, usiridhike na kale kapakiti kamoja.

Hela: jumla ilipita kidogo milioni mbili na nusu, nikatanguliza kama theluthi na iliyobaki nikawa nalipa kidogokidogo kila nikienda kukazwa. Bima yangu haikugusa hata senti. Zile za plastiki angavu zisizoonekana niliuliza bei, nikarudi kwenye chuma bila kubishana. Ilichukua karibu miaka miwili, kama alivyosema mwanzo, vibati vya kubanduka vikachelewesha kidogo.

Wenye watoto: bingwa anasema mpeleke aangaliwe akiwa na miaka saba hivi, siyo lazima afungwe waya, ni kuangalia tu. Jino la utoto likioza lizibwe kama linazibika, likitolewa mapema majirani wanasogea na la ukubwani linakosa pa kutokea. Na tafadhali hii habari ya kuwang'oa watoto wachanga "meno ya plastiki" wakiharisha iacheni, kile kinachochokonolewa pale ni chonge lenyewe halijatoka, mtoto anapona kuhara kwa maji na chumvichumvi lakini jino lake linakuja limeharibika au haliji kabisa.

Sasa hivi waya umetoka. Meno yamenyooka na ni ya kahawia vilevile, msitegemee bresi ing'arishe, haing'arishi, madoa ni kazi nyingine na daktari mwingine na nitaifikiria baadaye. Ritena, kile kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi, navaa kila usiku, ya plastiki kwa juu, na chini wameganda kawaya nyuma ya meno. Hiyo ritena nayo haikuwemo kwenye bei ya jumla, nimeambiwa siku ileile ya kutoa waya nikiwa nimeshakaa kitini, na bila ritena meno yanarudi, kwa hiyo unalipa tu utafanyaje. Anayetaka jina la kliniki aje inboksi, nitamtajia, na nitamwambia na siku bingwa anazokuwepo, kama hawajabadilisha tena.