Altrasaundi ya mishipa ya ubongo kwa mtoto wa sikoseli: tulivyohudumiwa

Wazazi wenzangu wenye watoto wa sikoseli, mwanangu ana miaka 6 na ndo kwanza mwaka huu nasikia kuna kipimo kinaitwa TCD, na kinatakiwa kila mwaka kuanzia miaka 2 mpaka 16, nimeumia sana kuchelewa kujua.

Ni altrasaundi kama ile ya mimba ila wanaweka kwenye panja, mbele ya sikio, hapo mfupa ni mwembamba mawimbi yanapenya mpaka kwenye mishipa ya ubongo. Hakuna sindano wala mionzi. Mtoto analala chali, anapakwa jeli, halafu unasikia kwenye mashine shwaa shwaa shwaa, hiyo ni damu ya mwanao inakimbia humo ndani, machozi yalinilenga kwakweli.

Wanachopima ni spidi. Sikoseli inaharibu kuta za mshipa mpaka unakuwa mwembamba, sasa damu ikifika hapo inakimbia, kama ukibana mdomo wa mpira wa maji. Chini ya sentimita 170 kwa sekunde ni salama, 170 mpaka 199 anafuatiliwa kwa karibu, 200 kwenda juu hatari ya stroku ni kubwa na anatakiwa aanze kuongezewa damu kila mwezi. Utafiti uliotoka Marekani 1998 ulionyesha watoto wa hiyo 200 wakiongezewa damu hivyo stroku zinapungua kwa zaidi ya asilimia 90, yani unaonywa kabla mtoto hajapooza!

Hospitali ya kwanza siitaji jina. Tulikaa kwenye benchi toka saa 1 asubuhi mpaka saa 8 mchana, mtoto kachoka kasinzia, wakampima hivyohivyo kalala, tukapewa karatasi "iko sawa mama", namba hakuna. Hii imeniuma kuliko foleni, maana usingizi unabadilisha spidi, kulia pia, na homa inaipandisha, sasa hiyo "sawa" ni ya nini?

Ya pili ilikuwa mbingu na ardhi. Dada wa mapokezi kaniambia mapema, mama usimwache asinzie, muwekee katuni kwenye simu. Kwanza wakampima joto. Dokta akamwambia "baba, tulia kidogo tusikilize damu yako", mtoto katulia kama dakika 40, pande zote mbili zikapimwa, kisha nikaitwa kwenye skrini nikaonyeshwa kila mshipa na namba yake. Kipimo nakipa nyota 5, na hawa 5 zao, ila siku yenyewe ni moja tu kwa wiki na watu ni wengi, waongeze.

Kushoto imetoka 178. Dozi ya haidroksiyurea, dawa yake ya sikoseli, imepandishwa, tunarudi baada ya miezi 3, tarehe ipo kwenye kadi yake ya kliniki.