The Simpsons au Family Guy?

Ubishi huu hauishi. Zote ni katuni za Marekani, zote za kituo cha televisheni cha Fox, na kila moja ina baba mnene asiyefikiri, mke mvumilivu na watoto watatu. Mapishi ndiyo tofauti.

Kwa hadithi, The Simpsons (1989) iko mbele, hasa misimu ya mwanzo. Homer, baba wa familia, ni mjinga mwenye moyo. Kazini, kwenye kinu cha nyuklia, amewekewa kibao cha kumkumbusha kuwa hapo hatoki milele. Akabandika picha za kichanga wake Maggie juu yake, herufi zilizobaki zikasomeka "fanya kwa ajili yake". Unacheka huku koo limekukaba.

Family Guy (1999) haina muda wa machozi. Peter, baba wa huku, anakumbuka jambo, hadithi inakatwa, unarushiwa kichekesho kisichohusiana na chochote. Vingine vinavunja mbavu, vingine vinachusha tu. Lakini mbwa Brian na mtoto Stewie wakisafiri pamoja, hapo nanyamaza. Na wote wawili, pamoja na Peter, sauti ni ya mtu mmoja: Seth MacFarlane, muasisi wa kipindi.

Ustahimilivu? Family Guy ilisimamishwa 2002, ikarudi 2005. The Simpsons haijawahi kufutwa, ingawa misimu ya karibuni mimi huiruka.

Sebuleni kuna watoto na mama mkwe? Weka Homer, tena ukiwa na rimoti mkononi. Uko peke yako usiku, kichwa kimechoka? Peter anatosha.